Penseli Iliponyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Sijaandika humu tangu Desemba. Leo naandika kwa sababu mikono inatetemeka, na nikishika kalamu inatulia kidogo.

Dada kalala chali wodi ya macho, kafungwa bandeji hadi nusu ya pua. Ijumaa chupa ya kemikali ilimpasukia usoni, kwenye maabara ya shule anakofanya kazi. Miaka kumi na tisa anawafokea wanafunzi wavae miwani ya kujikinga – siku moja, moja tu, kaivua yeye apanguse jasho! Jumamosi wakampasua. Daktari wa macho ni mwanamke mfupi anayeongea upesi upesi. Ilibidi anieleze mara mbili, maana mara ya kwanza sikusikia kitu. Ametandaza utando mwembamba juu ya macho yote mawili na kuzishona kope zifunge. Hazifunguliwi mpaka Alhamisi ya tarehe 27. Siku hiyo ndiyo tutajua kama ataona au hataona. Kabla ya hapo hakuna anayejua, hata yeye daktari.

Na jambo moja, akasema – asilie. Asikaze macho, asijikune, asilie. Akilia nyuzi zitavutika na kazi yote itaharibika.

Asilie! Dada yangu! Mtu anayelia kwenye tangazo la sabuni!

Ombi lake la kwanza kwangu halikuwa maji wala mto. Kataka vitabu. Vile sita vya mgongo wa kijani, kwenye kabati la sebuleni kwake – hadithi za nchi isiyokuwepo, wafalme, miti inayotembea, na wale viumbe ambao sipendi hata kuwaandika. Watu wa rika letu wote wamevisoma. Mimi nilikimbia nikiwa na miaka sita. Dada alikuwa ananisomea kitabu cha kwanza. Mwanzo ulinoga, alikuwamo hata mbwa. Tukafika kwa Wanyamavu, watu wasio na midomo wanaoingia nyumbani kwa mtu na kumeza sauti zote, mpaka mwenye nyumba asisikie hata moyo wake. Nikakojoa kitandani siku tatu mfululizo. Mama akakiweka kitabu juu ya kabati, na mimi na hadithi tukaachana hapo.

Sasa nina miaka arobaini na moja naambiwa nirudi. Dada mwenyewe hajawahi kupita kitabu cha tatu; vya mwisho alivinunua mwaka jana, avisome likizo. Nimesema sawa, nitakusomea. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Machi

Saa za kuona wagonjwa ni kumi mpaka kumi na mbili jioni. Nimetoka kazini mbio, nimefika nahema, nimeanza ukurasa wa kwanza. Na nimeaibika.

Kazi yangu ni kusoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji – vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya boksi za dawa. Tunasoma wawili wawili. Mmoja anasoma nakala ya mwanzo kwa sauti, mwenzake anafuata kwenye prufu akiwinda makosa. Anayesoma anagonga meza kwa penseli. Mara moja, nukta. Mara mbili, aya mpya. Miaka kumi na minne! Basi nimekaa pale pembeni ya kitanda, mkono ukapanda wenyewe ukatoa penseli nyuma ya sikio, nikaanza kugonga chuma cha kitanda. Ko. Ko. Ko-ko. Wodi nzima ikacheka. Mama wa kitanda cha dirishani, naye macho yamefungwa, kauliza kama wameleta fundi bomba.

Nikataka kuiweka mkobani. Dada kakataa. "Usiache, Mama Makosa" – ndilo jina alilonibandika siku niliyoajiriwa. "Humu gizani sauti zinapotea, zinarudi, zinapotea. Hiyo penseli nikiisikia najua upo."

Kuhusu kitabu: jamani. Kurasa nne za ukoo wa mfalme aliyekufa kabla hadithi haijaanza. Wimbo wa beti kumi na moja, na anayeuimba ni mto. Miti inatembea, sawa, nimekubali, lakini lazima itembee kurasa ishirini? Ningempa huyu mwandishi kikaratasi kimoja cha dawa ya minyoo ajifunze kusema jambo likaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mbwa anakufa!

Ukurasa wa 58. Yule mbwa wa mlinda lango, mwenye sikio moja. Nimesoma, nikasimama, nikarudia kimoyomoyo. Mbwa huyu namkumbuka vizuri sana. Kichwani mwangu alivuka mto, akalishwa nyama na malkia, akazeeka mbele ya moto. Miaka thelathini na mitano naishi na mbwa aliyezeeka! Kumbe Dada alimruka. Alikaa pale na kitabu wazi, msichana wa miaka kumi na mitatu, akatunga mbwa mzima kutoka kichwani ili mdogo wake asilie.

Nimemsomea kifo chenyewe haraka haraka, roho juu, nikiangalia bandeji. Hakulia. Alikuwa anakijua. Alitabasamu tu na kusema, "Pole." Sijui alikuwa anampa pole mbwa au mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nakiri: kimenishika. Naudhika nacho na nakitaka. Nachoka na nyimbo, nachoka na majina yanayofanana – wafalme watatu wote wanaanza na herufi moja, mhariri alikuwa wapi? Halafu nafika kwa Wanyamavu na naogopa kama nina miaka sita.

Leo natoka wodini, korido ndefu, hakuna mtu. Wauguzi wanavaa viatu vya mpira visivyolia. Mmoja kanipita nyuma sikumsikia. Nimepiga yowe! Mtu mzima na mkoba wake! Muuguzi kanikalisha, kanipa maji, kaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia bado. Neno lilinitoka tu – bado! Nimetembea mpaka nyumbani nalo.

Kitabu cha pili na cha tatu Dada ananisimulia kwa mdomo ili tufike upesi kwenye vile ambavyo hajavisoma. Anasimulia vizuri kuliko mwandishi. Na nimempenda mwanamke mmoja humo: Mbeba Taa. Hana upanga, hana ukoo wa kurasa nne, hata jina hana. Kazi yake ni kutangulia na taa, mashujaa wote na mapanga yao wanamfuata nyuma. Dada kasema, "Huyo ni mimi." Kweli kabisa. Baba alipofariki yeye ndiye aliyetangulia kila mahali – mochwari, ofisi, makaburini – mimi nyuma nimeshika gauni lake.

Jumatano, 12 Machi

Tumeanza cha nne. Dada kajiweka sawa kwenye mito, kakunja mikono kama mtoto wa shule. "Kuanzia hapa sijui kitu," kasema. "Tuko sawasawa."

Sikuipenda hiyo. Tangu nizaliwe yeye ndiye anayejua kilicho mbele.

Alhamisi, 13 Machi

Sikuweza kungoja saa kumi. Saa ya chakula nimekifungua kitabu kazini, nikasoma mbele. Heri nisingesoma.

Ukurasa wa 130. Mbeba Taa anaingia peke yake kwenye pango la Wanyamavu, wamfuate yeye, wenzake wapite upande wa pili. Ukurasa wa 131 sura mpya inaanza: Taa ikazimika. Basi, maneno mawili. Kisha ukurasa mzima yuko gizani anapapasa ukuta, anawaita wenzake mmoja mmoja kwa majina, na sauti inapungua, inapungua. Mwisho wa ukurasa hayupo.

Gizani! Anapapasa! Na mimi nikamsomee mtu aliyeshonwa kope! Atalia. Hata mawe yangelia. Atalia, nyuzi zitavutika, na itakuwa ni mimi niliyemfanya kipofu kwa kusoma vizuri.

Mwenzangu wa meza alikuwa anakula. Tunamwita Mzee Darubini kwa unene wa miwani yake. Vitabu hivi alivisoma vyote zamani. Nikamuuliza: anarudi? Labda kwenye cha tano? Katafuna, kameza, kasema hapana, harudi. Cha tano na cha sita vyote vimesimama juu ya kifo hicho. Ukikitoa hakuna hadithi. Kisha akaniuliza mbona nimekuwa mweupe kama karatasi.

Nimemchukia mwandishi kwa moyo wangu wote. Na Mzee Darubini kidogo.

Jioni nimeishia ukurasa wa 129. Nimemdanganya Dada kwamba koo linauma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemruka.

Nimesoma 130, nikafika 131, neno la kwanza nikalitazama, na mdomo ukasema wenyewe: "Taa ikayumba, lakini haikuzimika." Kisha nikamtoa pangoni. Nimempa mlango wa nyuma – pango la kutisha kuliko yote duniani, mimi nimeliwekea mlango wa nyuma kama duka! Katoka, kajipangusa vumbi, kawakuta wenzake wanamngoja. Miaka kumi na minne sijawahi kubadili hata herufi moja bila kuweka alama pembeni na saini yangu.

Dada kashusha pumzi ndefu. "Aa! Nilidhani wameshampata." Kanishika mkono. Bandeji kavu. Daktari angenipa zawadi.

Naogopa mno. Nimefanya nini?

Jumatatu, 17 Machi

Uongo una kazi kuliko prufu.

Kitabu cha tano kinaanza na maombolezo ya Mbeba Taa. Sura nzima! Wanalia, wanagawana vitu vyake, taa anapewa mchunga mbuzi. Nimegeuza, nikasema wanamwombolezea mfalme. Mfalme gani, kauliza Dada. Yule wa ukoo wa kurasa nne, nikasema. "Si alikufa zamani?" Ndiyo, lakini leo wanamkumbuka. Mungu wangu.

Halafu Mbeba Taa mwenyewe nimfanye nini? Kitabuni hana neno hata moja, maana amekufa. Nimempa kikohozi. Anakohoa, kwa hiyo haongei. Yuko nyuma ya msafara kajifunika blanketi. Wakifika mahali anapotakiwa, kaenda kutafuta mafuta ya taa. Dada kasema, "Kikohozi gani hiki cha milima mitatu? Hawana dawa huko?" Mama wa kitanda cha dirishani kashauri asali.

Wao wanacheka. Mimi nasoma kwa jicho moja, natunga kwa jingine, nakumbuka niliyotunga jana. Kazini leo nimeacha sifuri ya ziada ipite kwenye kipimo cha dawa ya watoto. Mzee Darubini kaiona. Kaizungushia duara tu na kunisogezea karatasi.

Jumatano, 19 Machi

Leo wamemfungua Mama wa kitanda cha dirishani.

Daktari kavuta pazia. Nikaacha kusoma katikati ya mstari. Tukasikia mkasi. Tukasikia pamba ikidondoka kwenye bakuli. Kisha sauti yake, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Mbona hamjawasha taa?"

Ilikuwa saa kumi na nusu. Jua limejaa dirishani kwake mpaka shuka zinaumiza macho.

Dada kanibana mkono mpaka pete ikaniingia kwenye nyama. "Soma," kasema. "Soma sasa hivi. Kwa nguvu." Nikasoma. Sijui nilisoma nini.

Alhamisi, 20 Machi

Nitaandika hili, halafu nitaona kama niuchane ukurasa.

Leo nikiwa kwenye ngazi za hospitali nimewaza: asipoona, hatajua. Hataweza kuvisoma hivi vitabu mwenyewe. Mbeba Taa wangu ataishi, na mimi sitaulizwa. Na ndani ya kifua kitu kikatulia. Sekunde moja tu – lakini kilitulia.

Nimekaa pale pale kwenye ngazi, watu wananiruka. Mtu gani mimi? Dada yangu! Aliyenifunga kamba za viatu mpaka nikiwa darasa la tatu!

Wanyamavu hawanitishi leo. Najitisha mwenyewe.

Sijachana.

Jumamosi, 22 Machi

Amejua? Hajajua?

Nilikuwa katikati ya sura. Mbeba Taa alikuwa anakunywa uji wa kikohozi chake. Dada kasema, taratibu, kama anaulizia hali ya hewa: "Penseli yako iko wapi?"

Hapa mkononi, nikasema.

"Mbona imenyamaza?"

Nilikuwa sijaona! Nikisoma kilichochapwa, mkono unagonga wenyewe, ko, ko, umezoea. Nikitunga, hakuna nukta ya kufuata, mkono unakaa kimya. Kumbe tangu tarehe 14 naubeba uongo wangu na kengele yake. Siku nane! Kila nilipoanza kudanganya penseli ilinyamaza, kila nilipomaliza ikaanza tena, na yeye kalala pale hana kazi nyingine duniani ila kusikiliza.

Nikasema mkono umechoka. Kasema, "Haya."

Haya! Neno fupi vile, nimelisikia njia nzima.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimegonga. Nimegonga kila mahali, mpaka katikati ya neno. Muuguzi kaja kuniomba nipunguze. Dada hakucheka.

Jumatatu, 24 Machi

Sijakifungua hata kitabu. Dada kasema weka chini, kaa.

"Yule mbwa mwenye sikio moja," kasema. "Unajua alinihangaisha kiasi gani? Kila siku nimtafutie kazi. Nimemvusha mto, nimemlisha nyama ya malkia, nimechoka mimi. Ulipokojoa kitandani, nilishukuru – nikasema sasa nitapumzika na huyu mbwa. Wewe umejitahidi, sikatai. Lakini kikohozi, Mama Makosa! Kikohozi!"

Kaanza kucheka. Mimi nikaanza kulia. Kisha nikakumbuka kwamba aliyekatazwa kulia ni yeye, si mimi, basi nikalia vizuri.

Nilipotulia nikataka kumweleza yote. Kaninyamazisha. "Usiniambie. Penseli ilinyamaza kwenye kitabu cha nne, baada ya pango. Najua kuna kitu hapo. Nataka kupasoma mwenyewe. Alhamisi. Kiwe ndicho kitu cha kwanza kukiona."

Nikasema, na kama – sikuweza kumaliza.

Kisha kasema kwa sauti niliyowahi kuisikia mara moja tu, siku ya Baba: "Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kila saa. Unapomkokota yule mwanamke na blanketi lake mlima baada ya mlima, na sauti yako inatetemeka, mimi huwa nasema moyoni, haya, tuogope hili la kitabuni kwanza."

Nilidhani anayeogopa ni mimi peke yangu. Wiki tatu tumekaa kila mmoja anaificha hofu yake pembeni ya kitanda kimoja.

Jumanne, 25 Machi

Nimemuuliza daktari. Kasema kama macho yatafanya kazi, mwanzoni itakuwa ni ukungu mtupu. Herufi za kitabu asahau, labda herufi kubwa sana. Na je, siku hiyo ataruhusiwa kulia? Kanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tuonane. "Alhamisi? Akitoa machozi nitashangilia. Macho yakitoa machozi yana uhai."

Kwa hiyo leo baada ya kazi sikutoka. Nimemweleza Mzee Darubini kila kitu, na mlango wa nyuma, na kikohozi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakaa kwenye mashine, tukaupanga ukurasa wa 131 upya kwa herufi nene kama kidole gumba. Karatasi tisa. Ya kwanza ina sentensi mbili tu.

Nikadhani tumemaliza. Kasema hapana, prufu ni prufu. Akasoma yeye, mimi nikafuata. Kasoma kwa ile sauti yake ya vikaratasi vya dawa, bila huruma, kama anasoma meza vidonge viwili baada ya chakula. Taa ikazimika. Ko. Sentensi ya pili ni ndefu, maneno ishirini na saba mpaka nukta, anapapasa ukuta. Ko. Nimeona kosa moja: jina la mwisho analoliita gizani tuliliruka herufi. Nimesahihisha, nimeweka alama pembeni na saini.

Na ukurasa ni mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi! Ni ukurasa mzuri kuliko zote kwenye vitabu vyote, na mimi nilikuwa nauficha kwa blanketi na uji. Bado namchukia mwandishi. Lakini nimeelewa kwa nini harudi.

Jumatano, 26 Machi

Kesho.

Shemeji – mume wa Dada, dereva wa lori, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo – tangu siku ya kwanza hajaweza kupita mlango wa wodi. Huleta nguo safi, humkabidhi muuguzi, hurudi kukaa kwenye lori. Leo nimemkuta nje anapangusa kioo cha mbele. Kioo kilikuwa kisafi. Anapangusa tu. Sikumsemesha. Nikachukua kitambaa kingine nikapangusa upande wa pili.

Alhamisi, 27 Machi

Saa nne na dakika tano. Naandika kwenye benchi la korido, daftari juu ya goti. Nimetolewa nje. Daktari kasema hawezi kushika mkasi karibu na jicho huku mtu kando anatikisa kitanda. Sikujua kama natikisa kitanda.

Dada mwenyewe ndiye aliyenituliza. Kapapasa shavu langu, kapapasa sikio, kanipokonya penseli. "Karatasi zangu ziko wapi?" Nikamwekea kifuani, zote tisa, ya kwanza juu. "Basi kaa nje usikilize. Nikiona, nitasoma, na nitagonga. Nisipoona nitakuita, uje unisomee wewe. Kama ilivyo. Sitaki mlango wa nyuma."

Nikasema sawa. Nikambusu mkono wenye penseli.

Saa nne na robo. Shemeji yuko hapa. Amepita mlango wa wodi, amefika mpaka kwenye benchi, amekaa. Ananuka sabuni. Kanishika kiwiko, hakiachii, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Mkasi. Nasikia mkasi.

Pamba kwenye bakuli. Sauti ile ile.

Natega sikio kwa ile sentensi ya Mama wa dirishani. Asiseme. Mungu wangu, aseme lolote lile, hilo tu asiliseme.

Daktari anauliza vidole vingapi. Jibu silisikii. Anauliza tena. Silisikii! Muuguzi kapita na viatu vyake vya mpira, nimemtolea macho kana kwamba ni yeye aliyemeza sauti.

Anamwonyesha ubao wa herufi. Sasa namsikia Dada. Anasema hautaki, herufi zile hazisemi kitu, anataka karatasi yake. Hajasema kama anauona huo ubao. Kasema hautaki tu.

Karatasi inachakarika.

Hamna kitu. Moyo wangu nausikia, huo bado haujamezwa.

Ko.

Moja! Chuma cha kitanda! Shemeji kauliza nini hiyo, nimemziba mdomo kwa mkono.

Taa ikazimika. Nukta. Maneno mawili. Mimi nilimwambia haikuzimika – hawezi kuwa anakumbuka, hajawahi kuyasikia. Amesoma. Au penseli imemponyoka. Au mkono wake nao unatetemeka, umegusa chuma. Moja haitoshi, kwa moja siwezi kuweka saini.

Sentensi ya pili ni maneno ishirini na saba. Nayajua yote. Nayasoma pamoja naye, polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye ukungu machoni. La tano. La sita. Akiifika nukta ameona, na akiifika atajua nilimficha nini. Soma, Dada. La kumi na nne. Hajaniita. La kumi na tisa. Bado hajaniita. Mle ndani mtu anavuta kamasi, sijui ni nani. La ishirini na tatu. Gonga. La ishirini na tano. Gonga, Dada. La ishirini na sita –